Misaada ya uchaguzi: Sanduku laweza kufika Malambo, je imani?

Na Mwandishi Wetu

MFUGAJI wa Kata ya Malambo, Tarafa ya Sale wilayani Ngorongoro, anayejiandikisha katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura wakati nyasi za vuli zimeota, hana hakika kwamba siku ya kupiga kura itamkuta mahali pale pale.

Sababu yake ni nyepesi kueleza, lakini ni nzito kutatua. Kazi ya kuboresha daftari hilo mkoani Arusha ilifanyika Desemba 2024, mwezi wa mvua za vuli. Uchaguzi Mkuu ulifanyika Oktoba 29, 2025, mwishoni mwa kiangazi kirefu, msimu ambao mifugo hufuata maji na malisho mbali na maboma.

Sheria inamtaka mpiga kura apige kura katika kituo alichojiandikisha. Kwa hiyo kituo hakihami, lakini mfugaji anahama.

Isipokuwa mwaka 2005, ambapo upigaji kura ulisogezwa hadi Desemba 14 kutokana na kifo cha mgombea mwenza wa urais wa Chadema, chaguzi kuu zote za vyama vingi nchini tangu mwaka 1995 zimefanyika mwishoni mwa Oktoba. Kwa mkazi wa Dar es Salaam tarehe hiyo haina uzito wowote wa pekee. Kwa mwenye ng'ombe wa Malambo, ni tarehe ya kuchagua kati ya sanduku la kura na kisima.

Pengo la namna hiyo, kati ya haki iliyoandikwa katika Katiba na mtu anayepaswa kuitumia, ndilo ambalo kwa zaidi ya miaka 30 mataifa tajiri na taasisi za kimataifa yamekuwa yakitoa fedha na wataalamu kuliziba katika nchi zinazojenga demokrasia. Makala haya yanaeleza misaada hiyo ni ipi, inafanyaje kazi, na ni mambo gani isiyoweza kuyafanya hata ingeongezwa mara kumi.

Misaada inavyoanza

Desemba 1991, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 46/137 lililoweka msingi wa umoja huo kuzisaidia nchi wanachama katika chaguzi zao. Mwaka uliofuata kikaundwa kitengo maalumu cha kazi hiyo mjini New York.

Kanuni yake kubwa ni kwamba Umoja wa Mataifa hauingii katika uchaguzi wa nchi yoyote bila kuombwa na nchi yenyewe, ama bila kutumwa na Baraza la Usalama au Baraza Kuu. Kwa maneno mengine, mwenye nyumba ndiye afunguaye mlango, na ndiye anayeamua mgeni afike sebuleni tu au aingie hadi jikoni.

Misaada yenyewe huwa ya aina nne. Ya kwanza ni fedha na vifaa, kama vile mashine za kuandikishia, masanduku, wino usiofutika na magari. Ya pili ni utaalamu, yaani washauri wa sheria, wa daftari na wa mifumo ya kujumlishia matokeo. Ya tatu ni elimu ya mpiga kura. Ya nne ni uangalizi, ambapo ujumbe kutoka nje hutazama uchaguzi na kutoa ripoti.

Nchi wafadhili hazipendi kila moja kuingia kwa mlango wake. Mara nyingi hukusanya fedha katika mfuko wa pamoja unaosimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mpango wa Maendeleo (UNDP), ambalo hukubaliana na tume ya uchaguzi ya nchi husika juu ya kazi zitakazofanyika.

Kwa Tanzania, utaratibu huo ulitumika katika mradi wa kusaidia Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2010, na ukaendelea katika Mradi wa Kuimarisha Demokrasia ulioanza mwaka 2013. Miradi hiyo ilizihudumia tume zote mbili, ile ya Taifa (NEC) na ile ya Zanzibar (ZEC), kwa mafunzo, mifumo ya matokeo na elimu kwa wapiga kura.

Ikumbukwe kwamba msaada haukuwa jambo la fahari tu. Katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Oktoba 1995, vifaa vilichelewa kiasi kwamba upigaji kura katika majimbo yote saba ya Dar es Salaam ulifutwa na kurudiwa Novemba 19. Ikiwa karatasi za kura zilishindwa kufika kwa wakati katika jiji lenye bandari na uwanja wa ndege, haikuhitaji mtabiri kueleza ugumu wa kuzifikisha Malambo.

Takwimu zinasema nini

Tangu wakati huo, kazi ya kuwafikia wapiga kura imepiga hatua isiyobishaniwa. Mwaka 2005, daftari jipya la kudumu lilikuwa na majina 16,401,694. Mwaka 2015, mashine za kuchukua alama za vidole, maarufu kama BVR, zilipotumika kwa mara ya kwanza, idadi ilifikia 23,161,440. Kuelekea uchaguzi wa 2025, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi (INEC) ilitangaza wapiga kura 37,655,559.

Vituo navyo vimesogea karibu na wananchi. Mwaka 2025 tume ilitangaza vituo 99,895, kati yake 97,348 vikiwa Tanzania Bara na 2,547 Zanzibar. Ukigawa idadi ya wapiga kura kwa idadi ya vituo, unapata wastani wa watu 377 kwa kituo kimoja.

Hata hivyo, takwimu hizo hizo zina somo jingine. Kati ya mwaka 2005 na 2010, daftari lilikua hadi majina 20,137,303, lakini waliojitokeza kupiga kura walipungua kutoka 11,875,927 hadi 8,626,283. Walioandikishwa waliongezeka kwa zaidi ya milioni tatu na nusu, wapiga kura wakapungua kwa zaidi ya milioni tatu.

Sehemu ya anguko hilo ilitokana na daftari lenyewe kubeba majina ya waliofariki na waliohama. Lakini hiyo nayo ni sehemu ya somo. Kuandikisha mtu na kumfikisha kwenye sanduku ni kazi mbili tofauti, na fedha zinazotosha kwa ya kwanza hazileti ya pili peke yake.

Safari ya kura ya Malambo

Ili kuelewa mahali msaada unapofika na mahali unapokwama, inafaa kuifuata kura moja ya Malambo kutoka mwanzo hadi mwisho. Kura hiyo hupita hatua nne, yaani jina, njia, siri na hesabu.

Hatua ya jina ndiyo ambayo wafadhili wameipenda zaidi, kwa kuwa inapimika. Mashine ya BVR huchukua picha na alama za vidole, na huweza kutumika hata mahali pasipo na umeme wa gridi. Humzuia mtu mmoja kujiandikisha mara mbili, na humpatia kadi papo hapo. Katika uboreshaji uliozinduliwa Kigoma Julai 20, 2024, kila eneo lilipewa siku saba.

Siku saba zinamtosha mkazi wa Kariakoo anayepita mbele ya kituo akienda kazini. Kwa kijana aliyeko machungani siku mbili kwa miguu kutoka kijijini, muda huo unaweza kwisha kabla habari haijamfikia.

Hatua ya njia ni ngumu zaidi. Ngorongoro ni wilaya yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 14,000, na Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 273,549. Kwa wastani hao ni watu wasiofika 20 katika kila kilomita moja ya mraba. Wilaya imegawanyika katika tarafa tatu za Ngorongoro, Loliondo na Sale, na ndani yake mna kreta, mbuga, milima na nyika zinazokatwa na makorongo. Idadi ya wapiga kura kwa kituo inaweza kuwa ndogo, na bado umbali ukabaki mkubwa.

Mwaka 2022 suala la ardhi lilizidisha uzito wa jambo hilo. Serikali ilitenga kilomita za mraba zipatazo 1,500 za Pori Tengefu la Loliondo kuwa eneo la hifadhi la Pololeti, kwa maelezo kwamba ilikuwa lazima kulinda mazalia ya wanyamapori na vyanzo vya maji. Jamii za wafugaji zilipinga zikisema kuwa hayo ni malisho yao ya asili. Upande wowote atakaosimama msomaji katika mgogoro huo, jambo moja halina ubishi. Malisho yanapopungua, safari ya mifugo hurefuka, na mchungaji huzidi kuwa mbali na kituo chenye jina lake.

Hatua ya siri inahusu wasiojua kusoma. Karatasi za kura za Tanzania zina picha za wagombea na alama za vyama, na sheria inamruhusu asiyeweza kuweka alama mwenyewe kusaidiwa na mtu anayemwamini. Kwa wasioona kumeandaliwa vifaa maalumu vya kupapasa.

Lakini picha haielezi sera. Wengi wa wakazi wa Malambo ni Wamaasai, na jirani zao katika tarafa hiyo hiyo ni Wasonjo, ambao hujiita Wabatemi. Wapo wazee, hususan wanawake, wanaozungumza Kimaasai au Kitemi kwa ufasaha, huku Kiswahili wakikisikia kwa shida. Maadili ya uchaguzi yamekuwa yakitaka kampeni zifanywe kwa Kiswahili, na mkalimani atumike pale wananchi wasipokielewa. Hivyo mwanamke wa boma la ndani hupata ahadi za mgombea kupitia kinywa cha mtu mwingine, ambaye mara nyingi ni mwanamume mwenye upande wake.

Hapa msaada wa nje umeonyesha faida ambayo haionekani katika picha za makabidhiano ya magari. Redio za jamii zilizoungwa mkono na UNESCO, ikiwamo Loliondo FM, zimewapa wakazi wa maeneo hayo sauti iliyo karibu nao. Mradi wa Wanawake Wanaweza wa UN Women, ulioendeshwa kuelekea uchaguzi wa 2015, ulilenga kuwaandaa wanawake kuwa wagombea badala ya kuishia kuwa wapiga makofi.

Hatua ya nne ni hesabu. Nchini Tanzania kura huhesabiwa kituoni, na matokeo hujazwa katika fomu ambayo nakala yake hubandikwa nje ya kituo. Fomu ya matokeo ya urais hujulikana kama 21A. Karatasi hiyo moja, iliyobandikwa ukutani katika shule ya kijiji, ni ulinzi mkubwa wa kura kuliko mashine yoyote, kwa sharti kwamba mawakala wa vyama wawepo, wapewe nakala, na jumla inayotangazwa iweze kulinganishwa na karatasi zenyewe.

Sharti hilo halinunuliwi kwa fedha za wafadhili. Linategemea sheria za nchi na nia ya wanaozisimamia.

Funzo la Ngorongoro mwaka 2024

Hakuna tukio lililoonyesha mpaka wa misaada hiyo waziwazi kama lile lililotokea ndani ya wilaya hiyo hiyo, kusini mwa Malambo, mwaka 2024.

Kwa Tangazo la Serikali namba 673 la Agosti 2, 2024, kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Tarafa ya Ngorongoro vilifutwa katika orodha ya maeneo ya utawala. Wakazi wake wanakadiriwa kuzidi 100,000. Wakati huo ilikuwa imebaki karibu miezi minne kufikia Uchaguzi wa Serikali za Mitaa.

Kisheria, kufutwa kwa kijiji si jambo la ramani peke yake. Pasipo kijiji hapana mwenyekiti wa kijiji wa kuchaguliwa, na pasipo kata hapana diwani. Baadhi ya wakazi walilalamika pia kwamba taarifa za vituo vyao vya kupigia kura zilionyesha vimehamishiwa Msomera wilayani Handeni, mkoani Tanga, eneo ambalo Serikali ilikuwa ikiwahamishia wakazi waliojiandikisha kuondoka hifadhini kwa hiari.

Katikati ya Agosti maelfu ya wakazi walijitokeza katika barabara inayopita hifadhini wakidai haki zao, ikiwamo haki ya kupiga kura. Agosti 22, Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha utekelezaji wa tangazo hilo. Siku iliyofuata, Waziri wa Nchi, Ofisi ya Waziri Mkuu (Sera, Bunge na Uratibu), William Lukuvi, alifika na kuwaeleza wakazi kuwa Rais ameelekeza huduma zirejeshwe na wananchi hao washiriki uchaguzi. Vijiji vilirudishwa, na wakazi wakapiga kura Novemba 27.

Wachambuzi wa masuala ya uchaguzi wanaweza kujifunza mengi katika wiki hizo tatu. Hakukuwa na upungufu wa mashine, wino wala masanduku. Kilichoondoka kwa tangazo moja ni eneo ambalo jina la mpiga kura limeandikwa ndani yake. Kilichokirudisha ni umati barabarani, amri ya mahakama na uamuzi wa kisiasa.

Lipo pia jambo ambalo wasomaji wengi wa mijini hulisahau. Daftari linalotumika katika Uchaguzi wa Serikali za Mitaa silo lile la tume. Orodha ya wakazi wapiga kura huandaliwa upya chini ya Ofisi ya Rais, Tamisemi, na mwaka 2024 ilikuwa na zaidi ya watu milioni 31. Mwenye kadi ya mpiga kura ambaye hakujiandikisha katika orodha hiyo hawezi kumchagua mwenyekiti wa kijiji chake. Kwa mfugaji, hiyo maana yake ni safari mbili za kujiandikisha ndani ya miezi michache.

Majirani walivyopita

Nchi jirani nazo zina la kufundisha. Mwaka 2006, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifanya uchaguzi uliobebwa kwa kiasi kikubwa na Umoja wa Mataifa na wafadhili, watu zaidi ya milioni 25 wakiwa wameandikishwa katika nchi yenye barabara chache mno. Ndege na helikopta za walinda amani zilisafirisha vifaa. Mwaka 2018, Serikali ya nchi hiyo iliamua kujigharamia na kukataa msaada wa usafirishaji kutoka nje. Uchaguzi ulifanyika, lakini matokeo yake yalibishaniwa vikali, na Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi wengi vituoni, likasema hayakulingana na ilichokiona.

Nchini Kenya, vifaa vya kielektroniki vya kuwatambua wapiga kura vilizimika katika vituo vingi siku ya uchaguzi, Machi 4, 2013. Miaka minne baadaye waangalizi wa kimataifa walitoa kauli za awali za matumaini, lakini Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa Rais kutokana na kasoro, hususan katika upelekaji wa matokeo. Wageni walitazama foleni, majaji wakatazama karatasi.

Kenya haikujibu kwa kununua mashine nyingi zaidi tu. Katika uchaguzi wa Agosti 2022, tume yake iliweka hadharani kwenye mtandao nakala za fomu za matokeo ya Rais kutoka vituo zaidi ya 46,000. Yeyote mwenye simu na subira aliweza kujumlisha mwenyewe. Ubishi haukwisha, lakini ulihamia mahakamani, ambako kila upande ulikuwa na karatasi zile zile mkononi.

Msaada unapogeuka fimbo

Misaada ya kimataifa ina uso mwingine, nao ni wa adhabu. Oktoba 28, 2015, mwenyekiti wa ZEC alitangaza kuufuta uchaguzi wa Zanzibar, na ukarudiwa Machi 20, 2016 huku Chama cha Wananchi (CUF) kikiususia. Siku nane baadaye, Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani (MCC) lilisimamisha ushirikiano wake na Tanzania, na mpango wa zaidi ya Dola milioni 470 uliolenga hasa sekta ya umeme ukapotea.

Waliotoa uamuzi wa kufuta uchaguzi hawakukaa gizani kwa sababu hiyo. Walioukosa umeme ni wanavijiji ambao hawakuulizwa lolote. Hapo ndipo ulipo udhaifu wa fimbo ya wafadhili, kwamba humpiga aliye karibu nayo badala ya aliyekosa.

Kwa upande mwingine, fimbo hiyo imeanza kupungua urefu. Mwaka 2020 Serikali ilieleza kuwa Uchaguzi Mkuu uligharamiwa kwa fedha za ndani, jambo ambalo kwa nchi huru ni la kujivunia, ingawa pia hupunguza idadi ya watu wa nje wenye haki ya kuuliza maswali. Julai 1, 2025, Shirika la Misaada la Marekani (USAID), lililokuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa programu za demokrasia duniani, lilihitimisha shughuli zake.

Kioo cha waangalizi

Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ulikuwa mtihani mkubwa kwa aina ya nne ya msaada, yaani uangalizi. Chadema haikushiriki, baada ya tume kueleza Aprili kuwa chama hicho hakikusaini maadili ya uchaguzi, huku mwenyekiti wake, Tundu Lissu, akikabiliwa na kesi ya uhaini. Mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, aliondolewa katika kinyang'anyiro cha urais.

Siku ya kupiga kura ilikumbwa na maandamano na vurugu katika miji kadhaa, Arusha ikiwamo, na mtandao wa intaneti ulizimwa. INEC ilimtangaza Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mshindi kwa asilimia 97.66, kura zilizopigwa zikiwa 32,678,844, sawa na takriban asilimia 87 ya walioandikishwa.

Ujumbe wa waangalizi wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ulisema katika taarifa yake ya awali kuwa katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kuonyesha utashi wao wa kidemokrasia. Ujumbe wa Umoja wa Afrika ulisema uchaguzi haukukidhi misingi na viwango vya umoja huo. Serikali ilipinga tathmini za namna hiyo. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kuwa taarifa ilizopata zilionyesha mamia ya watu waliuawa, na Novemba 2025 Rais Samia aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu, Mohamed Chande Othman. Mwezi huo huo Bunge la Ulaya lilitaka msaada wa Euro milioni 156 kwa Tanzania usitishwe.

Kilichovuta hisia za wengi ni kwamba safari hii aliyesema hakuwa mzungu. Walikuwa Waafrika, wakitumia kanuni ambazo nchi za kanda, Tanzania ikiwamo, zilijiwekea zenyewe, kama zile za SADC za mwaka 2004 zilizorekebishwa mwaka 2015.

Mahakama iliyo jirani

Upo msaada mwingine wa kimataifa ambao kwa mkazi wa Malambo uko karibu kuliko Dodoma. Makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yapo Arusha, makao makuu ya mkoa wake.

Juni 2013, mahakama hiyo iliamua katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake kwamba kumzuia mgombea binafsi kunakiuka Mkataba wa Afrika. Julai 2020, katika shauri la Jebra Kambole, iliamua kwamba ibara ya 41(7) ya Katiba, inayozuia matokeo ya Rais yaliyotangazwa kuhojiwa mahakamani, nayo inakiuka mkataba huo. Novemba 2019, hata hivyo, Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kupeleka mashauri mapya huko moja kwa moja.

Katika uchaguzi wa mwaka 2025, ibara hiyo ilikuwa bado imo katika Katiba, na mgombea wa urais alikuwa bado hana budi kupendekezwa na chama. Mlango wa mahakama uko mjini Arusha, ila ufunguo uko kwingine.

Kinachowezekana

Ukiyaweka yote pamoja, unapata picha isiyo ya kukatisha tamaa wala ya kujidanganya. Jina la mpiga kura, kwa kiasi kikubwa, limeshughulikiwa. Njia na siri yake vinaweza kushughulikiwa kwa gharama ndogo kuliko ile ya mashine.

Kwa Malambo, hiyo ingekuwa na maana ya uandikishaji unaopangwa kwa kalenda ya mifugo badala ya kalenda ya ofisi, siku za ziada kwa kata za wafugaji, timu zinazofuata minada na visima, utaratibu mwepesi wa kuhamisha kituo karibu na siku ya uchaguzi, na elimu ya mpiga kura kwa Kimaasai na Kitemi. Hayo ni mambo ambayo mfadhili anaweza kuyachangia bila kumnyang'anya mtu yeyote uhuru wake, na ambayo Serikali inaweza kuyafanya hata bila mfadhili.

Hesabu, pamoja na swali la nani aruhusiwe kugombea na kijiji kipi kiendelee kuwapo, ni mambo ya Watanzania wenyewe. Hayo hayaji katika makasha yaliyoshushwa bandarini.

Jina Malambo, kwa Kiswahili, ni wingi wa lambo, bwawa dogo linalochimbwa kwa ajili ya kunyweshea mifugo. Wafugaji wanajua kwamba kuchimba lambo ni nusu ya kazi. Mtaalamu anaweza kutoka mbali na mashine yake, akachimba, akapigiwa makofi, akaondoka. Kama kingo zake hazikulindwa na wenyeji, maji hayatadumu hadi kiangazi, na ng'ombe atakayefika pale atakuta tope.